Mwezi Mmoja Nje ya Lango la Ragusa

Msafiri wa leo apangaye kwenda pwani ya Adriatiki katikati ya kiangazi huhesabu siku atakazokaa Dubrovnik. Mwaka 1377 mji huo, ukijulikana kwa jina la Ragusa, ulimhesabia mgeni siku za kukaa nje. Tarehe 27 Julai, Baraza Kuu liliamuru kwamba atokaye katika nchi zenye tauni asiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mzima katika kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji wa Cavtat.

Tauni ya mwaka 1348 ilikuwa imekwisha kuufundisha mji huo msiba. Hata hivyo, Ragusa iliishi kwa biashara ya vyombo vya baharini na misafara ya bara. Kulifunga lango kungeleta njaa. Kuliacha wazi kungeleta mauti. Baraza likachagua njia ya tatu: mgeni hakufukuzwa, bali alitozwa ushuru wa siku.

Baadaye siku hizo zilifikia 40, na kutokana na hesabu hiyo, kwa lahaja ya Venice, likazaliwa neno lililosafiri hadi katika Kiswahili: karantini.