Msaragambo, Mbiru na Wanawake wa Upare

Neno maendeleo limezoeleka mno katika ofisi za wilaya, hata watu hawaulizi tena lilikotoka. Limetoka katika tendo la kwenda: mtu akienda bila kukoma huendelea, na huko kuendelea ndiko maendeleo. Jamii ni neno la Kiarabu, nalo lina maana ya watu waliokusanyika. Jinsia nalo limetoka huko huko. Wazee wa pwani walisema jinsi, yaani namna au aina ya kitu. Ni katika miaka ya karibu tu ndipo jinsia ilipopewa kazi ya kutaja mahali pa mwanamume na mwanamke katika jamii. Leo maneno haya matatu hukaa pamoja katika idara moja ya kila halmashauri ya Tanzania. Lakini kazi yenyewe ni ya zamani kuliko maneno yake, na katika makala hii nataka kuieleza kwa habari za Upare, ambako mwanamke aliitwa kwa ajili ya jembe lake muda mrefu kabla ya kuitwa kwa ajili ya neno lake.

Upare ni nchi ya milima iliyo kati ya Kilimanjaro na Usambara. Kaskazini ni Ugweno na Usangi, ambazo sasa zimo katika wilaya ya Mwanga. Kusini ni Mbaga, Gonja, Mamba, Chome na nchi nyingine, ambazo zimo katika wilaya ya Same. Hata mwaka 1979 zote zilikuwa wilaya moja ya Pare, na boma lake lilikuwa Same, chini kwenye nchi kavu.

Wapare wana desturi iitwayo msaragambo. Panapokuwa na kazi ya watu wote, kama vile kutengeneza njia, kujenga nyumba ya shule, au kuzoa matope katika ndiva, watu huitwa, na kila nyumba hutoa mtu wake. Asiyefika hutozwa faini. Neno hili limeenea hata nje ya Upare, na wengi walitumiao hawajui kwamba limetoka milimani. Ndiva, kwa wasomaji walio mbali, ni bwawa dogo la kunyweshea mashamba: maji ya kijito huachwa yajae usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka kwa mifereji. Mabwawa hayo yalikuwa mali ya koo, na shauri la zamu za maji aghalabu lilikuwa la wanaume. Lakini maji ya kupikia hayakuteremka kwa zamu. Hayo yalipandishwa kwa kichwa cha mwanamke, pamoja na kuni, na majani ya ng'ombe aliyefugwa ndani.

Yapasa tuliangalie vizuri neno hili "kila nyumba". Pembe ilipolia, nyumba ilihesabiwa kuwa moja, na katika kazi yoyote ya mikono mke aliweza kuitimiza hesabu hiyo. Katika baraza pia nyumba ilihesabiwa kuwa moja; huko aliyeitimiza hesabu ni mume. Desturi ya kusaidiana ni nzuri, wala sitaki kuitukana desturi ambayo imejenga madarasa mengi tunamofundishia. Nasema tu kwamba kila serikali iliyokuja Upare iliikuta hesabu hiyo imekwisha kutengenezwa, ikaitumia kama ilivyo.

Habari inayoonyesha jambo hili waziwazi ni ile ya mbiru. Zamani mbiru ilikuwa sadaka au ushuru ambao watu walimpa mfumwa, yaani mtawala wao, kwa haja iliyojulikana. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, baraza la wafumwa tisa wa Upare, kwa uongozi wa serikali ya Kiingereza, lilianzisha kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Kodi hiyo ikapewa jina la zamani, mbiru, kwa kutumaini kwamba watu wangeipokea kama kitu chao. Hawakuipokea. Jina walilijua, na kwa sababu hiyo hiyo waliona kwamba kitu chenyewe sicho. Kupimwa kwa mali kulikuwa kwa kukisia, na watu hawakuulizwa kwanza. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani wakaenda bomani Same, wakakaa huko kwa miezi wakidai kodi iondolewe.

Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyekuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya mbiru mwaka 1971. Tukisoma habari hizi tuulize swali la nyumbani: wanaume wakiwa Same, nani alilima? Nani alikata majani ya ng'ombe? Mgomo ule uliwezekana kwa sababu nyuma yake palikuwa na mikono iliyoendelea kufanya kazi mlimani. Nayo mikono ile ikachoka. Wanawake wa Usangi wakaondoka wenyewe, wakawaendea wakubwa wa serikali, wakamwambia Bwana Wilaya neno ambalo Jean O'Barr, aliyeandika juu ya wanawake wa Kipare katika miaka ya 1970, amelihifadhi: ama amalize shauri hili ili waume zetu warudi, ama atupe mimba yeye mwenyewe sisi sote. Baadaye mawe yakarushwa, polisi wakaingia.

Wako watakaoona haya kulisoma neno hilo katika jarida hili. Mimi naliona kuwa hoja iliyonyooka kuliko maandiko mengi yaliyopelekwa bomani wakati ule. Wanawake hawakusema juu ya shilingi. Walisema kwamba serikali imeivunja nyumba, na anayeivunja nyumba achukue kazi zote za mwenye nyumba. Waliitumia ile hesabu ya nyumba moja wakaigeuza ikawa silaha. Kodi ile ikaondolewa baada ya vita.

Haikupita miaka mingi, Upare ya Kaskazini ikachaguliwa kuwa mahali pa majaribio ya kazi mpya: kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, pamoja na kile kilichoitwa maendeleo ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kazi hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana hata nje ya Tanganyika, na watu walijenga njia na madarasa kwa nguvu zao. Nadhani kufuatana kwa mambo haya mawili si kwa bahati tu. Serikali iliyogombana na watu ilitafuta njia ya kusema nao. Lakini ilisema na mwanamke kwa namna yake. Katika vyama vya wanawake vya siku zile, Tanganyika nzima, mafundisho yalikuwa kushona, kupika na kulea watoto. Mafundisho mema, wala hakuna aliyeyakataa. Ila wale waliokuwa wamelitikisa boma kwa sababu ya kodi hawakufundishwa habari za kodi.

Uhuru ulipokuja jambo hili lilitajwa kwa uwazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku. Kulitaja ni jambo moja, kuligawia fedha ni jingine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa; zikarudi mwaka 1984, na maofisa wa maendeleo ya jamii wakawa tena chini yake. Mwaka 1990 pakawa na wizara iliyobeba jina la maendeleo ya jamii, wanawake na watoto.

Mageuzi yaliyoigusa hesabu ya nyumba yamekuja kwa sheria, tena mawili nayaona makubwa kuliko mengine. La kwanza ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoagiza kwamba katika baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, watatu wawe wanawake. Hapo kwa mara ya kwanza mwanamke wa Usangi au Gonja aliketi kuamua mpaka wa shamba akiwa na kiti chake, si kiti cha nyumba yake. La pili ni agizo la mwaka 2018 kwamba kila halmashauri itenge sehemu 10 katika 100 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji wake, ikaanza tena mwaka 2024. Mtu aweza kulalamika juu ya vikundi vya jina tu, na malalamiko hayo yana haki. Walakini tuone kilichogeuka: mapato ya wilaya, yaani jamaa wa mbiru ile ile, sasa yana fungu lililoandikwa jina la mwanamke.

Maji nayo yalikawia. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo chini ya milima ya Upare, lilijengwa katika miaka ya 1960, na mradi mkubwa wa kuyaleta maji yake Mwanga na Same ulizinduliwa mwaka 2025. Miaka yote iliyo katikati ilipimwa kwa ndoo.

Walimu mlio Usangi na Ugweno, nawaomba jambo moja. Binti aliyekuwa na miaka 20 alipoteremka na mama yake wakati wa mbiru sasa amefikia miaka 100, kama yu hai. Lakini watoto wao wako, nao wamesikia. Neno lile walilomwambia Bwana Wilaya tunalisoma kwa Kiingereza cha vitabu. Waulizeni wazee wa kike, na majibu yao yaandikwe kwa Chasu, kwa matamshi ya Usangi, pamoja na nyimbo walizoimba njiani.