Setilaiti zilipofunzwa kutulia

Mkulima wa Mollo, Sumbawanga, akiambiwa kwamba shamba lake linaonekana kutoka angani, huuliza habari za kamera. Kamera haikuwasumbua wahandisi sana. Kilichowatoa jasho ni kuituliza setilaiti inayoibeba.

TIROS-1 ya Marekani, iliyorushwa tarehe 1 Aprili 1960, ilizungushwa kama pia ili isiyumbe. Haikuyumba, lakini mhimili wake ulielekea upande uleule muda wote, hivyo kamera ziliiona Dunia kwa kipande tu cha safari, kisha zikakodolea anga tupu.

Kwa kazi nyingine kuzunguka kulifaa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi, ikipekua anga kutafuta vyanzo vya eksirei. Ardhi iliyo chini haikuwa na habari nayo.

Njia ya kuikazia macho ardhi ilikuwa imeshaonyeshwa na setilaiti ya Nimbus-1, Agosti 1964. Vihisi vyake vilitambua ukingo wa Dunia kwa kutofautisha joto lake na baridi ya anga. Setilaiti ikianza kuinama, mota ilizungusha gurudumu zito lililo ndani yake. Gurudumu likienda huku, setilaiti hurudi kule.

Umbo la Nimbus ndilo lililorithiwa na Landsat-1, iliyorushwa tarehe 23 Julai 1972 kwenda kimo cha kilomita 915 hivi. Kutoka huko, kosa la digrii moja tu huhamisha picha kwa kilomita 16: unataka Mollo, unapata kata nyingine kabisa. Tena kioo chake kilisoma ardhi mistari michache kwa wakati, kwa hiyo mtikisiko mdogo ungefanya ufuko wa Ziwa Rukwa uonekane kama meno ya msumeno. Nukta moja ya picha ilibeba takriban ekari moja na nusu, yaani shamba zima la mahindi la familia.

Mawingu ya msimu wa mvua ni kesi nyingine; hayo hayaondolewi na gurudumu lolote.

Kenya nayo ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023, ikiwa na kamera ya kuangalia ardhi. Lakini hata bila setilaiti yako mwenyewe, picha za Landsat zinapatikana bure kwenye intaneti tangu 2008. Maofisa ugani wa Rukwa wazishushe, wazipeleke vijijini.