Tairi Limekula Upande: Historia ya Magurudumu ya Mbele, Kutoka Ng'ombe wa 1908 Hadi Probox Yako

Wasee, kuna imani moja hapa Timboroa nataka tuizike leo. Tairi la mbele likibaki kipara upande mmoja, mwenye gari anasema, "Hii ni tairi mbaya," ananunua lingine. Miezi michache baadaye, lile jipya limekula upande ule ule. Halafu anakuja mjuaji mwingine: "Shida ni hao mafundi wa kamba, peleka Eldoret kwa kompyuta." Analipa, anapewa karatasi yenye rangi ya kijani, na tairi linaendelea kuisha. Wote wawili wanatafuta kosa mahali pasipo. Historia ya magari yaliyopanda huu mlima wetu inaonyesha liko wapi.

Turudi 1908. Mwaka huo msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha ukapanda huku juu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, kwenda kugawana ardhi ya Uasin Gishu ambayo wakoloni walikuwa wamewachukulia wenyeji. Mji wa Eldoret haukuwepo. Palikuwa shamba nambari 64, ndiyo maana hadi leo utasikia wazee wakiuita Sisibo.

Sasa angalia lile gari la ng'ombe kwa macho ya fundi. Ekseli nzima ya mbele ilizunguka kwenye pini moja katikati. Magurudumu mawili yalishikana na mti mmoja, kwa hivyo yaligeuka pamoja kama mabega ya mtu mmoja. Matope yaliwatesa, lakini hakuna aliyewahi kulala njaa sababu ya alainimenti. Hata treni, iliyopita hapa Timboroa kwa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari na kufika Eldoret 1924, haikuwa na shida hiyo. Reli ndiyo huishikilia.

Shida ilitoka Ulaya, tena kabla gari lenyewe halijabuniwa. Fundi wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alitaka kila gurudumu la mbele ligeuke kwenye kiungo chake, yote mawili yakiunganishwa na chuma. Rudolph Ackermann akaisajili hataza yake Uingereza mwaka 1818, na mpaka leo mfumo unaitwa kwa jina lake. Faida ni kwamba kwenye kona gurudumu la ndani hukata kona kali kuliko la nje, kwa hivyo gari halibururi miguu. Hasara? Magurudumu mawili sasa lazima yakubaliane, na makubaliano yao yanategemea urefu wa chuma na viungo ambavyo vinalika.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la hewa. Gurudumu la chuma lilikuwa linaficha siri. Raba haifichi, inaandika kila kosa, na ukijua kuisoma huhitaji kubahatisha.

Likiisha katikati tu, presha imezidi. Likiisha kingo zote mbili, presha ni kidogo. Hapa kwetu hii si mambo madogo, kwa sababu hewa ikipoa nyuzi 5 au 6 tairi la gari dogo hupoteza karibu psi 1. Ukijaza mchana Nakuru, ukaamka na baridi ya Timboroa, tairi limepungua na hakuna aliyelitoboa. Likiisha ukingo mmoja lakini laini, mlalo wa gurudumu umeharibika: linaegemea ndani au nje. Ukipitisha mkono juu ya meno ya tairi, upande mmoja laini, upande wa pili unakwaruza kama msumeno, huo ni uelekeo: magurudumu yanatazamana ndani kama mtu mwenye vidole vilivyoingia, au yanapeana mgongo. Na likiwa na mabonde mabonde, kwanza shuku shoki zilizokufa.

Halafu kila kizazi cha magari kilichopita hapa kilihamisha ugonjwa. Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa 1948, zilikuwa na ekseli nzima ya chuma mbele na springi za majani. Mlalo wake haukuhama ovyo. Fundi alirekebisha uelekeo tu, akamaliza. Baadaye ikaja Peugeot. 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978, kwa hivyo huwezi kumwambia mzee yeyote wa hii barabara kwamba hayo hayakuwa magari. Zilibeba watu wa magharibi mwa Kenya safari ndefu, zimejaa mpaka nyuma. Lakini mbele zilikuwa na shoki zilizosimama wima zikishikilia gurudumu, bila ekseli nzima. Tangu hapo, bushi moja ikichoka, gurudumu linalala.

Miaka ya 1990 soko likafunguka na magari ya mitumba kutoka Japani yakamwagika. Baadaye sheria ikasema gari lisiingie likiwa limezidi miaka 8. Watu huangalia umri wa injini na kusahau kwamba raba za bushi nazo zina miaka hiyo hiyo. Na huko lilikotoka, gari lilikuwa linachungwa. Ukaguzi wa lazima wa Japani, unaoitwa shaken, hupitisha magurudumu ya mbele juu ya bamba linalopima yanateleza kando kiasi gani. Kikomo ni milimita 5 kwa kila mita 1. Hapa kwetu, kwa miaka mingi ukaguzi wa kila mwaka umekuwa wa matatu na magari ya biashara. Gari la nyumbani limejikagua lenyewe.

Milimita 5 inaonekana kitu kidogo. Piga hesabu. Ni mita 5 kwa kila kilomita. Kutoka hapa hadi Eldoret, kilomita 60 hivi, hizo ni mita 300 za kuburuta raba kando juu ya lami. Enda na urudi ukiwa na gunia za viazi nyuma. Fanya hivyo kila siku ya soko. Tairi litabaki nini?

Ndiyo tufike kwa ile vita ya kamba na kompyuta. Fundi wa jua kali anavuta kamba kando ya gari, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, anaipanga iwe sambamba na gari, halafu anapima nafasi kati ya kamba na rimu, mbele na nyuma. Wengi wanacheka. Lakini hicho ni kipimo, na akiwa makini kinasoma uelekeo vizuri kabisa. Kompyuta inamshinda kwa mlalo na kwa usahihi, hilo nakubali. Lakini kuna kitu mashine haifanyi: haiingii chini ya gari kutikisa gurudumu. Boljointi ikiwa imelegea, inasoma pembe ya wakati huo gari limesimama. Ukitoka getini ukagonga shimo la kwanza, pembe imehama. Umenunua picha ya gari lililotulia.

Tena Corolla na Probox nyingi, kinachorekebishika mbele bila vifaa vya ziada ni uelekeo peke yake. Mlalo ukiharibika, kuna kitu kimepinda au kimechoka, na hakuna kufungua nati ukakiponya. Anayekwambia "nimekurekebishia yote" kwa dakika kumi, muulize amebadilisha nini.

Kwa hivyo mpangilio ni huu. Kwanza presha, tairi likiwa baridi. Pili, inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, shika gurudumu juu na chini utikise: mchezo hapo ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni tairodi. Tatu, angalia bushi, springi na shoki. Badilisha kilichokufa. Hapo tu ndipo upime, kwa kamba au kwa kompyuta, na udai vipimo vya kabla na baada.

Nasema hivi kwa sababu ya pesa na kwa sababu ya watu. Kiwanda cha matairi ya Yana pale Nairobi kilifungwa 2016, kwa hivyo raba tunayoiburuta kwenye lami imesafiri bahari na kulipiwa ushuru. Na tairi lililokula ndani ni hatari kwa sababu halionekani. Ukisimama kando ya gari unaona meno mazuri upande wa nje, huku upande wa ndani waya ziko karibu kuchungulia. Mvua ya huku juu ikinyesha, ukungu ukishuka, lori la Malaba liko nyuma yako, hapo ndipo utajua.

Tairi likishaisha, lifanyiwe akala, hiyo ni heshima yake. Lakini life likiwa limeisha sawasawa, pande zote.

Kesho asubuhi kabla hujawasha gari, kata usukani mpaka mwisho, uiname uangalie upande wa ndani. Niandikie hapo chini: lako limekula wapi, na fundi alikwambia nini?