Makaa ya Ruhuhu na Ndugu Zake wa India

Makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, yana ndugu zake ng'ambo ya bahari, katika bonde la mto Damodar huko mashariki mwa India, mahali paitwapo Raniganj na Jharia. Msomaji asidhani natia chumvi. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilikuwa nchi kavu moja, ambayo wataalamu wameiita Gondwana kwa kufuata jina la nchi ya Wagondi wa India. Katika vinamasi vyake iliota miti yenye majani ya umbo la ulimi. Miti hiyo ilianguka majini, ikafunikwa na tope na mchanga, kisha uzito na joto vikaigeuza kuwa makaa. Alama za majani hayo zimo katika miamba ya Damodar, na zimo pia katika bonde la Ruhuhu, mto uingiao Ziwa Nyasa hapo Manda.

Ikiwa asili ni moja, mbona historia ni mbili? Raniganj walianza kuchimba mwaka 1774. Mwaka 1855 reli ilifika huko kutoka Howrah, jirani na Calcutta, na tangu hapo makaa yakapata njia ya kufika viwandani na bandarini.

Huku kwetu, Wajerumani waliandika habari za makaa ya karibu na Ziwa Nyasa tangu miaka ya 1890. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Stockley, mtaalamu wa miamba wa serikali ya Tanganyika, aliipima miamba ya Ruhuhu. Baada ya hapo bonde likabaki kimya kwa miaka mingi. Makaa yalikuwapo, kilichokosekana ni njia. Reli ya Kati ilipita mbali, na ile ya Kusini, iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga, haikuvuka Nachingwea na kufikia huku, tena ilifungwa mwaka 1962. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1988, ulikuwa upande wa Mbeya.

Ngaka ilianza kuchimbwa mwaka 2011, na kampuni ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa lina hisa ndani yake. Mwaka 2016 serikali ilizuia kuagiza makaa kutoka nje, viwanda vya saruji vikageukia kwetu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, wanunuzi wa Ulaya nao wakaja, na malori yakapakia makaa kwenda bandari ya Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 600.

Sisi wa Lusewa tuko mbali na shimo hilo, lakini mawe ya wilaya yetu ya Namtumbo ni ya ukoo huo huo, na huko Mto Mkuju yamebeba urani. Yanayotendeka Mbinga leo yaweza kutufikia kesho. Kwa hiyo yafaa tuwatazame ndugu wa India, waliotutangulia.

Makaa yakiachwa wazi hupata hewa, yakajipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Huko Jharia moto wa chini ya ardhi ulijulikana tangu mwaka 1916, na hadi leo haujazimwa wote. Ardhi imetitia, nyumba zimepasuka, na watu wengi wamehamishwa kutoka makwao. Mashimo mengi ya zamani yaliachwa na wachimbaji bila kujazwa.

Ngaka huchimbwa kwa shimo la wazi: udongo na mwamba wa juu huondolewa, kisha makaa huchotwa. Njia hiyo nayo ina deni lake. Udongo ulioondolewa lazima urudishwe, na maji ya shimoni, ambayo huweza kuwa na asidi, yasiachwe yatiririke mitoni hadi kwenye ziwa ambalo watu wanavua samaki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mgodi ni ramani ya kila mahali palipochimbwa, pamoja na fedha ya kujazia shimo iliyotengwa wakati makaa bado yana bei. Kijiji kilicho jirani na mgodi kina haki ya kuiona ramani hiyo na hesabu hiyo kila mwaka, nacho kiidai mapema, malori yangali yanapita.