Kashe: Ghala la simu linalookoa fedha za intaneti

MTUMIAJI wa simu anapofungua tena programu ya habari, ramani au muziki na kuona picha zikitokea papo hapo, mara nyingi picha hizo hazikutoka mtandaoni wakati huo, bali zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya simu yake.

Hifadhi hiyo ya muda hujulikana kwa wataalamu wa kompyuta kama kashe. Programu inapopakua faili kutoka kwenye seva, huweka nakala yake katika simu, na inapoihitaji tena huitafuta humo kwanza kabla ya kwenda mtandaoni.

Faida yake huonekana mfukoni. Picha ya kilobaiti 500 ikifunguliwa mara 20 bila kashe hula takriban megabaiti 10 za kifurushi. Kashe ikiwapo, hula kilobaiti hizo 500 mara moja tu.

Hata hivyo, nakala huweza kupitwa na wakati. Ili kukabili hilo, kanuni za mawasiliano za HTTP 1.1, zilizotolewa mwaka 1997, ziliiwezesha seva kulipa kila toleo la faili alama yake, iitwayo ETag. Simu huirejesha alama hiyo kwa seva, na iwapo faili haijabadilika, seva hujibu kwa namba 304 bila kuituma upya.

Aidha, kashe si mahali pa kuweka kitu kisichopatikana kwingine. Katika mifumo ya Android na iOS, nafasi inapopungua, simu yenyewe inaweza kufuta faili za kashe bila kumuuliza mwenyewe.

Ndiyo maana kazi ambayo haijatumwa huhitaji hifadhi ya kudumu. Programu ya ODK Collect, inayotumiwa na wakusanyaji wa takwimu katika maeneo yasiyo na mtandao, hutunza fomu zilizojazwa ndani ya simu hadi zitakapotumwa.

Kwa wenye simu za Android, mipangilio ya kila programu huwa na vitufe viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Kile cha kufuta kashe huondoa nakala za muda tu, ambazo zitapakuliwa upya zikihitajika.

Cha pili, cha kufuta data, huondoa pia taarifa za kuingilia, mipangilio na kazi iliyohifadhiwa ndani ya programu. Kazi hiyo kama haikuwa imetumwa kwenye seva, haitarudi.