Chapa ya Ujiji

Neno «chapa», lililoingia Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, humaanisha alama inayoachwa na kitu kilichokandamizwa juu ya kingine, na ndiyo maana kitabu, kanga na hata ng'ombe hupigwa chapa. Picha mashuhuri ya Ujiji, ya mwandishi wa habari Stanley na mvumbuzi Livingstone wakivuliana kofia walipokutana mwaka 1871, ni chapa kwa maana hiyo hasa, kwa kuwa katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 ilitokana na mchoro uliochongwa kinyume juu ya mti. Stanley alidai kuwa ilikuwa sahihi kama picha ya kamera, dai gumu kulikubali, kwani mchongaji hakuwapo Ujiji siku hiyo. Wajapani nao walichonga mbao: mchoraji Hiroshige, mwaka 1857, alionyesha kwa mbali msafara wa Torinomachi, sikukuu ya Shinto, yaani dini ya jadi ya Japani, huku paka akiutazama kutoka dirishani. Mbao zao, hata hivyo, zilikatwa kufuata nyuzi za mti na kila rangi ikawa na ubao wake, ilhali wachongaji wa Ulaya walipendelea uso wa gogo lililokatwa kukingama, ambao ugumu wake huhimili mistari myembamba.