Bundi wa Athene na mpimaji wa feza

Tunapojifunza Kigreki tunakutana na neno dokimazo, maana yake kupima au kujaribu. Mtakatifu Paulo analitumia katika barua yake kwa Watesalonike (1 Tes 5, 21). Wagreki walilijua vema, hata sokoni, mbele ya meza za wavunja feza. Tutazame mji wa Athene.

Tangu karne ya 6 mbele ya Kristu, Waatene waliipiga feza yao chapa moja: upande huu kichwa cha Athena, mungu wao wa kike, upande wa pili bundi, tawi la mzeituni na herufi tatu za jina la mji. Kipande cha drakma nne kilikuwa na uzito wa gramu 17 hivi. Feza ilitoka katika machimbo yao ya Laurion. Kwa feza hiyo waliunda merikebu, wakawashinda Wapersi huko Salamis mwaka wa 480. Wageni walimpokea bundi bila mashaka, maana feza yake ilikuwa safi.

Kiisha ikaja vita na Sparta. Mwaka wa 413 adui walishika Decelea. Watumwa zaidi ya 20.000 walitoroka, na machimbo yakalegea. Karibu na mwaka wa 406 mji wenyewe ulitoa vipande vya shaba vilivyopakwa feza. Nje bundi yule yule, ndani shaba! Mwaka wa 405 Aristophanes, katika mchezo wake wa Vyura, aliwafananisha viongozi wabovu na vipande hivyo. Mwaka wa 404 Athene ilishindwa.

Mwaka wa 375 Waatene walitoa sheria. Jiwe lililoandikwa sheria hiyo lilifukuliwa mwaka wa 1970. Mpimaji, mtumwa wa mji, akae sokoni kati ya meza. Akiona shaba au risasi ndani ya kipande, akikate papo hapo. Asipokaa kazini, apigwe viboko 50.

Nasi tumepigwa chapa katika Ubatizo na Kipaimara, na mapadri katika Upadirisho. Chapa hiyo haifutiki kamwe. Lakini watu wanaotupokea kwa ajili yake wanatumaini kukuta feza ndani, si shaba. Basi, jioni tunapochungua zamiri, tusisinzie kazini: tujipime sisi wenyewe, mbele ya kuwapima wakristu wetu.